Shahidi Aliye Peke Yake

Miongoni mwa mambo yanayoupima utu wa dola yoyote, kubwa au ndogo, limo moja ambalo kwa kawaida halitajwi katika vitabu vya uraia. Dola hufanya nini inapojiwa na mwananchi mmoja, asiye na cheo wala shahidi wa pili, akasema, "Nimeona kitu nisichokijua"? Mwizi akishitakiwa, sheria ipo. Mpaka wa shamba ukigombaniwa, wazee wapo na ramani zipo. Lakini mtu aletaye habari ya jambo lisilo na jina hana kifungu cha sheria kinachomngojea. Mbele yake yuko karani tu, na karani naye ni binadamu, tena binadamu anayeogopa kuchekwa na wenzake.

Swali hili tutalitazama kwa njia ya mkasa uliotokea mbali na kwetu, kwa sababu ya mbali huonekana kwa utulivu zaidi kuliko ya karibu. Tarehe 8 Januari 1981, yapata saa kumi na moja jioni, katika kijiji cha Trans-en-Provence, kusini ya Ufaransa, mtu mmoja wa makamo alikuwa shambani kwake akijenga kibanda kidogo cha pampu ya maji. Jina lake tunaliacha. Alikuwa raia wa kawaida, na uraia wake ndio unaotuhusu. Alisikia sauti kama mluzi hafifu. Alipogeuka aliona kitu kikishuka, rangi yake kama ya risasi, umbo lake kama sahani mbili zilizofunikanishwa ukingo kwa ukingo. Kitu kile kilitua kwenye tambarare iliyokuwa chini ya mahali aliposimama, kikakaa muda mfupi, kikainuka tena na kwenda zake. Ardhini palibaki alama ya mviringo, upana wake kiasi cha mita mbili na zaidi kidogo.

Mtu yule hakusema kwamba ameona wageni kutoka nyota nyingine. Yeye alidhani ni chombo cha majaribio cha jeshi, na dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwani si mbali na hapo ipo kambi kubwa ya kijeshi ya Canjuers. Kesho yake habari ilifika kwa askari wa gendarmerie, ambao ndio walinzi wa amani katika vijiji vya nchi ile. Askari wale walikwenda mahali penyewe, wakamhoji, wakapiga picha, wakachota udongo na kuchuma majani, wakayapeleka yote kunakohusika.

Msomaji huenda akauliza, kunakohusika wapi? Hapo ndipo pana jambo la kujifunza. Tangu mwaka 1977 Ufaransa ilikuwa na kitengo kidogo kilichoitwa GEPAN, ndani ya shirika la taifa la uchunguzi wa anga, CNES, mjini Toulouse. Kazi yake ilikuwa kupokea na kuchunguza habari za namna hii. Hakikuwa kitengo cha kusadiki, wala hakikuwa kitengo cha kukanusha. Wataalamu wake walifika kijijini zaidi ya mwezi mmoja baada ya tukio, na kuchelewa huko kulikuja kulaumiwa, kwa haki. Walichukua majani mabichi ya malisho karibu na alama, na mengine hatua kwa hatua mbali nayo, ili yalinganishwe. Majani hayo yalipimwa na mtaalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, naye akasema kwamba klorofili, yaani ile rangi ya kijani iupayo mmea uwezo wa kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ilikuwa imepungua kwa asilimia 30 hadi 50 katika mimea iliyokuwa karibu na alama. Udongo ulionyesha kwamba umekandamizwa na kupashwa moto. Mwaka 1983 yote haya yalitolewa katika Waraka wa Kitaalamu Na. 16, na hitimisho lake lilikuwa la unyenyekevu: mahali pale lilitokea jambo zito, na wachunguzi hawakuweza kulitaja ni jambo gani.

Wakosoaji hawakukawia. Walisema alama ile yafanana na ile iachwayo na gurudumu la gari; walisema majani yaliyokaa wiki kadhaa chini ya mvua na jua hayawezi kutoa ushahidi safi; walisema shahidi mmoja ni mmoja tu. Hatuna uwezo wa kuuamua ugomvi huo, wala si kazi ya insha hii. Lakini yafaa tutambue kwamba wakosoaji waliweza kukosoa kwa sababu serikali ilichapa vipimo vyake hadharani. Lau ingalijifungia na majani yake, kungalibaki mambo mawili tu, ushabiki na dhihaka.

Sasa tuvuke bahari. Mwezi Machi 1966, katika jimbo la Michigan, Marekani, mkulima mmoja na mwanawe waliona taa za ajabu juu ya kinamasi karibu na mji wa Dexter. Usiku uliofuata wanafunzi wa kike 87 wa chuo cha Hillsdale walisema wameona taa za namna hiyo karibu na bweni lao. Jeshi la Anga la Marekani, ambalo tangu mwaka 1952 lilikuwa na mradi ulioitwa Blue Book wa kuchunguza habari hizi, lilimtuma mshauri wake, mwanafalaki J. Allen Hynek. Tarehe 25 Machi Hynek alikutana na waandishi wa habari mjini Detroit, akasema yamkini baadhi ya taa hizo ni gesi ya kinamasi iwakayo yenyewe. Alisema kwa tahadhari; hakudai kwamba maelezo hayo yanatosha kwa kila kilichoonekana. Lakini waandishi walilitwaa neno moja tu, "gesi ya kinamasi", na kwa neno hilo nchi nzima ikacheka. Watu walifurika shambani kwa yule mkulima, na nyumba yake ikawa kama kioja cha maonyesho. Gerald Ford, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa wabunge wa upinzani katika Baraza la Wawakilishi na mwakilishi wa jimbo lile, aliandika akidai Bunge lichunguze, kwa hoja kwamba wananchi wanastahili maelezo bora kuliko hayo. Hynek mwenyewe alibadilika kadiri miaka ilivyopita, akawa mmoja wa wakosoaji wakali wa mradi aliokuwa akiutumikia.

Angalia tofauti kati ya vijiji hivi viwili. Haikosi kwamba maelezo ya Michigan yangeweza kuwa sahihi, kwa kuwa gesi za kinamasi zipo na huweza kuwaka. Huenda hata yalikuwa na sababu nzuri zaidi kuliko ule ukimya wa Ufaransa. Basi kosa lilikuwa wapi? Kwa maoni yetu lilikuwa katika haraka. Jibu lilitolewa kabla swali halijamalizwa kuulizwa. Mtu aliyejibiwa hivyo huelewa upesi kwamba jibu halikuwa lake, lilikuwa la kumwondoa mlangoni.

Twapaswa hapa kutenganisha mambo ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kumsadiki mtu ni jambo moja, na kumsikiliza ni jambo jingine. Kumwambia mtu "umekosea" si kumwambia "wewe mwongo", ingawa masikioni mwa maskini maneno hayo mawili hufanana mno. Na lugha yetu yenyewe inatudai uangalifu. Kwa Kiswahili mtu huona kwa macho, lakini pia huona baridi, huona haya, huona uchungu, huona afadhali. Neno lile lile labeba yaliyoingia kwa macho, yaliyohisiwa mwilini na yaliyoamuliwa na moyo. Kwa hiyo shahidi wetu asemapo "niliona chombo", muulizaji mwenye adabu hana budi kumwuliza kwa upole: uliona nini kwa macho, na lipi ulilitia wewe mwenyewe baadaye? Swali hilo si tusi. Twathubutu kusema ndiyo heshima kubwa awezayo kupewa shahidi, kwa sababu lamchukua kuwa ni mtu awezaye kujichunguza.

Neno hilo la baridi latukumbusha habari iliyotokea kwetu sisi. Mnamo Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake wa njia ni kitu gani kile. Kiongozi hakuwa na jina la theluji. Alimjibu kwamba ni baridi. Rebmann alielewa, akaandika, na habari zake zikachapwa Ulaya mwaka 1849. Mjini London palikuwa na mwanajiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga bara hii ya Afrika Mashariki, naye akashika kalamu kuthibitisha kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Alishikilia hivyo hata baada ya Baron von der Decken kuupanda mlima huo mwaka 1861 na tena mwaka 1862, na kuleta vipimo. Wachaga, ambao walikunywa maji ya mlima ule kizazi baada ya kizazi, hakuna aliyewaandikia barua kuwauliza.

Wanafunzi wetu huisoma habari hii kama ushindi dhidi ya kiburi cha wageni. Ni kweli, lakini tusijipongeze mno, maana Cooley hakuwa mpumbavu. Alifuata kanuni ambayo mwanafalsafa David Hume aliieleza mwaka 1748, kwamba mwenye busara hupima imani yake kwa uzito wa ushahidi, na jambo linalopingana na uzoefu wote lahitaji ushahidi mzito kupita kawaida. Hume mwenyewe alitaja mfano wa mwanamfalme wa Kihindi aliyekataa kusadiki habari za maji kugeuka barafu, na akakiri kwamba mwanamfalme yule alifikiri sawasawa, ijapokuwa alikosea. Kanuni ni njema. Kosa la Cooley, kama tuonavyo, ni kudhani kwamba mtu akishaipima habari mezani kwake hana tena haja ya kwenda kuitazama.

Yupo aliyekwenda. Tarehe 26 Aprili 1803, karibu na mji wa L'Aigle katika Normandy, wakulima walisema mawe yamenyesha kutoka mbinguni. Wakati huo wataalamu wengi wa Paris waliziona habari kama hizo kuwa ni ushirikina wa mashamba. Mwaka 1790 watu zaidi ya 300 wa Barbotan na jirani zake walikuwa wametia saini zao kuthibitisha mvua ya mawe ya namna hiyo, wakaambulia kusikitikiwa kwa ujinga wao. Safari hii waziri wa mambo ya ndani, Chaptal, alimtuma kijana wa miaka 29, Jean-Baptiste Biot. Biot hakukimbilia L'Aigle. Alianza mbali, mjini Alençon, akiwauliza watu wasio na sababu ya kupatana kama walisikia mshindo siku ile na upande gani. Akasogea kidogo kidogo. Aliwahoji wakulima, mapadri, watu wa tabaka mbalimbali, akayalinganisha maneno yao. Alitazama viwanda vya chuma vya eneo lile kuona kama takataka zake zafanana na mawe yale; hazikufanana. Aliyachora mawe yalipoangukia, akaona yamelala katika eneo lenye umbo la yai refu, nayo ni kama 3,000. Katika taarifa yake alitenganisha ushahidi wa vitu na ushahidi wa watu, kisha akaonyesha jinsi vyote viwili vinavyokubaliana. Tangu hapo vimondo vikaingia katika vitabu vya sayansi, na wakulima wakawa na haki.

Mtu asichukue mkasa huu akasema: basi, wakulima wa L'Aigle walisema kweli, na kiongozi wa Rebmann alisema kweli, kwa hiyo na wa Trans-en-Provence alisema kweli. Hiyo ni hoja mbovu, na mwalimu yeyote akiikuta katika daftari na aitie wino mwekundu. Sisi huwakumbuka mashahidi waliotokea kuwa na haki. Wale waliokosea ni wengi mno na hakuna anayewasimulia. Mradi wa Blue Book ulipofungwa mwezi Desemba 1969 ulikuwa umekusanya habari 12,618, na kati ya hizo 701 tu ndizo zilizobaki bila kutambuliwa. Zilizosalia zilielezwa kuwa ni nyota, sayari, maputo, ndege na vitu kama hivyo. Jopo la Chuo Kikuu cha Colorado, chini ya mwanafizikia Edward Condon, lilikuwa limesema kwamba kuendelea kuzichunguza hakutarajiwi kuinufaisha sayansi. Mtu aweza kuikubali hukumu hiyo. Dola ina shule za kujenga na visima vya kuchimba, na kufunga ofisi isiyo na tija si dhambi.

Lakini lipo jambo ambalo hatuwezi kulisamehe kwa hoja ya bajeti. Mwezi Januari 1953 jopo la wanasayansi lililoitishwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilipendekeza kwamba vyombo vya habari vitumike kuwaondolea wananchi hamu ya mambo haya. Wazo lilikuwa kwamba habari nyingi zitaziba njia za mawasiliano wakati wa hatari. Twaielewa hofu hiyo. Ilikuwa enzi ya mabomu. Hata hivyo, pendekezo hilo lilimchukua raia kuwa ni kelele, na kelele hunyamazishwa, haiulizwi. Tena, mwaka 1997 ilichapwa makala ya mwanahistoria wa mambo ya CIA iliyoeleza kwamba zaidi ya nusu ya habari zilizoletwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1960 zilitokana na ndege za siri za upelelezi, kama ile U-2, ambazo ziliruka juu kupita ndege zote za wakati huo na kung'aa kwa jua la machweo. Hesabu hiyo ina wapinzani wake. Lakini makala yakiri kwamba wachunguzi wa Blue Book walikuwa wakiulinganisha ushahidi wa raia na ratiba za ndege hizo, na walipokuta vinapatana, hawakuweza kumwambia raia ukweli. Walimpa sababu nyingine za hali ya hewa na mwanga.

Tufikirie hali ya mtu huyo. Rubani wa ndege ya abiria, au mkulima, ameona kitu kilichokuwako kweli. Amekieleza vizuri. Ofisi imethibitisha, kwa siri, kwamba macho yake hayakumdanganya. Kisha ofisi hiyo hiyo imemwandikia kwamba yamemdanganya. Siri za ulinzi zipo katika kila nchi, nasi tuliolia kiapo cha utumishi twazijua. Ila kuna kusema "hatuwezi kukujibu", na kuna kumfundisha mtu mzima ayatilie shaka macho yake ili sisi tulale. La kwanza ni ukimya. La pili ni dhuluma, na dhuluma yake ni kubwa zaidi kwa kuwa mdhulumiwa hawezi kamwe kujua kwamba amedhulumiwa.

Kitengo kile cha Ufaransa, ambacho siku hizi huitwa GEIPAN, kilifungua majalada yake kwa watu wote mwezi Machi 2007. Habari zake hupangwa katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni la yaliyotambuliwa kwa yakini, la pili ni la yaliyotambuliwa kwa kukisia. La tatu ni la yale ambayo habari zake hazikutosha. La nne, dogo kabisa, ni la yale ambayo habari zilitosha, uchunguzi ulifanywa, na bado hayakutambulika. Mgawanyo wa mafungu haya mawili ya mwisho umetushughulisha sana. Katika ofisi nyingi tulizozijua yote mawili yangeandikwa neno moja, "haijulikani", na pengine ndivyo ilivyo hata katika vichwa vyetu. Kumbe kutojua kwa mtu ambaye hakuuliza si sawa na kutojua kwa mtu aliyeuliza hadi mwisho wa uwezo wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipokuwa tungali vijana, tulifanya kazi ya masjala katika ofisi moja ya pwani. Asubuhi moja alikuja mzee mvuvi, miguu ina mchanga. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye benchi, akasema alfajiri nje ya mwamba ameona mwanga wa kijani ukishuka baharini bila sauti, na maji yakafoka kidogo pale ulipozama. Hakutaka tumsadiki. Alisema, "Mwanangu, nataka kujua tu kama ni kitu cha serikali. Kama si cha hatari, nikatege." Tulimwandikia barua kwa maneno yake, akaweka dole gumba. Barua ilikwenda kwa mkubwa, ikarudi na dokezo lenye maneno mawili: "Nimeona. Hifadhi." Nasi tukahifadhi.

Mzee alirudi mara tatu. Mara zote tatu tulimwambia kwamba barua yake inashughulikiwa, na uwongo huo ulikuwa wetu wenyewe, hatukutumwa na mtu. Mara ya nne hakuja. Baadaye mchuuzi mmoja wa samaki alitueleza kwamba mzee yule ameacha kutoka nje ya mwamba, anatega ndani kwenye maji machache pamoja na watoto, na kwamba apatacho hakijazi kikapu. Huenda alichokiona kilikuwa kimondo tu. Vimondo vikubwa huweza kung'aa rangi ya kijani, na jambo hilo lingeweza kuulizwa kwa barua moja kwa mwalimu yeyote wa fizikia. Jalada lake lilikuwa na karatasi mbili.